Korongo wa Kina Cargarvie

Nichol Cargarvie alizikwa Jumanne ya pili ya Februari, kwenye mvua ya barafu iliyokuwa ikipiga kwa ubavu, na baada ya hapo waombolezaji wakaenda ukumbi wa kanisa kula pai ya nyama. Pai zote kumi na nne zilipikwa na dada wa marehemu, Ishbel. Alikuwa mpishi wa shule ya Kirkton kwa miaka ishirini na saba, na tangu astaafu mikono yake haikuwa imejifunza kupikia watu wachache.

Alipopata nafasi ya kukaa na sahani yake, binamu yake Ruaridh akavuta kiti mbele yake. Ruaridh alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, mwenye miaka sitini na sita, mstaafu wa kampuni ya bima, mkazi wa Perth. Nywele zake nyeupe zilichanwa vizuri kuliko za mtu yeyote ukumbini. Alikuwa amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, na kwenye kidole chake cha mwisho kulikuwa na pete ya dhahabu iliyochongwa korongo. Alimpa Ishbel pole, akazisifu pai, kisha akasema kwamba wiki ijayo ataleta watu wawili na gari kuja kulichukua jiwe.

Jiwe hilo lilikuwa juu ya meko kwenye nyumba ya shamba la Drumlunnet, alikozaliwa Ishbel na alikoishi Nichol mpaka siku alipobebwa kwenda hospitali. Lilikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati na lilichongwa ngao. Katikati ya ngao alisimama korongo, maji yakimfika tumboni. Juu yake maduara matatu meusi yamepangwa mstari mmoja. Juu ya ngao ulitokeza mkono ulioshika kamba, na chini kabisa, kwa Kiskoti cha zamani, paliandikwa neno ambalo kila mtoto wa Cargarvie alilijua kabla ya kujua anakaa kijiji gani: Sisogei.

Maana yake pia waliijua. Hapo zamani, mfalme wa Waskoti alipokuwa akifukuzwa na Waingereza, Gilbride Cargarvie alisimama peke yake kwenye kivuko cha mto Lunnet, tangu alfajiri mpaka magharibi, akawazuia maadui mfalme apate kutoroka. Wakamwambia asogee, akasema hasogei. Korongo ni yeye Gilbride, kwa kuwa korongo husimama majini kutwa nzima bila kuchoka. Maduara matatu ni majeraha yake. Kamba ni ile aliyomnyongea kamanda wa maadui jioni hiyohiyo, ingawa hakuna aliyeeleza nguvu za kunyonga mtu alizitoa wapi, akiwa na majeraha matatu na ameshinda ndani ya maji ya Lunnet, ambayo hata mwezi wa nane, wakati wa joto, humtoa mtu machozi kwa baridi.

Ishbel hakuwahi kulifikiria sana lile jiwe. Kwake lilikuwa kitu cha kufutwa vumbi. Mdomo wa korongo ulikusanya masizi, naye kila Jumamosi alipokwenda kumsafishia Nichol nyumba aliupitisha mswaki wa zamani. Hata hivyo aliweka uma chini.

"Unalichukua unalipeleka wapi?"

"Kwangu. Mimi ndiye mwanamume wa mwisho mwenye jina katika nyumba yetu. Nichol hakuacha mtoto, na nembo haiwezi kukaa bila mwenyewe."

"Nichol ameacha dada."

"Ameacha, sikatai," akasema Ruaridh, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Lakini wewe ni Geddes miaka thelathini na tatu sasa, bibie. Kula, pai yako inapoa."

Ishbel akala. Pai ilikuwa imepoa kweli. Ila alipokuwa akiosha sahani jioni, aligundua kwamba anasugua sahani moja kwa muda mrefu, na kwamba anajisikia kama mtu aliyeambiwa kuwa amehudhuria msiba wa jirani. Kaka yake alikuwa mmoja tu. Alimpikia, akamfulia, akamshika mkono mpaka ukapoa, na sasa ikawa yeye ni mgeni aliyeleta pai.

Nyumba Nichol alikuwa amemwachia yeye, kwa hiyo Ruaridh alipopiga simu kupanga siku ya gari, Ishbel alimwambia mlango umevimba kwa mvua na haufunguki. Kisha akaketi akaandika barua kwa ofisi ya nembo, Edinburgh, kuuliza korongo ni wa nani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kurasa mbili, kwa lugha ya adabu sana. Lilisema kwamba watu wengi hukosea wakidhani nembo ni ya ukoo. Kwa sheria ya Skotland nembo ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wengine wote wenye jina hilo hawana haki nayo zaidi ya kuitazama. Akifa mwenyewe, humwendea mrithi wake wa karibu. Kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wala ndugu wa kiume wa baba mmoja, mrithi ni dada. Dada huyo atapaswa kuleta vyeti vya kuthibitisha kizazi chake. Na tena, iliandikwa mwishoni kama jambo dogo, atapaswa kulitumia jina la Cargarvie.

Ishbel alimsomea mumewe barua hiyo wakati wa chai ya asubuhi. Wattie Geddes alikuwa fundi bomba. Alikuwa mfupi, mpana, na alikuwa na tabia ya kusikiliza jambo kama anavyosikiliza bomba la ukutani, kichwa kimeinama, bila kusema lolote mpaka ajue maji yanavuja wapi. Gari lake la kazi liliandikwa ubavuni W. na I. Geddes, Mabomba na Boila. Ile I ilikuwa ya Ishbel, kwa sababu ndiye aliyepokea simu. Watoto hawakujaliwa, na kwenye lile gari ndipo mahali pekee ambapo wawili hao waliwahi kuandikwa pamoja, ukiacha sehemu moja nyingine.

Wattie alimaliza yai lake, akachukua mkoba wa vifaa, akaenda kutazama boila ya mchungaji, mtambo wake wa maji moto.

Siku tatu hakuligusa jambo lile. Hakununa, aliongea habari za hali ya hewa na za boila ya mchungaji, ambayo ilikuwa imekufa lakini mchungaji hataki kukubali. Siku ya nne, Jumapili, walikwenda makaburini kumwekea Nichol maua. Safu mbili kutoka kaburi la Nichol palikuwa na hiyo sehemu nyingine: jiwe la kaburi lao wenyewe. Rafiki yake Wattie, mchonga mawe, alipofunga karakana yake alikuwa na kipande kizuri cha jiwe gumu la itale kimebaki, akawachongea majina yao kabisa, Walter Geddes na mkewe Ishbel, miaka ya kufa ikaachwa wazi. Lilikuwa pale tangu miaka sita iliyopita. Watu wa kijijini walikuwa wameshalizoea.

Wattie akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Hapa pameshaandikwa," akasema.

"Naona."

"Kwa hiyo ukifa, wewe ni Geddes."

"Ni Geddes."

"Basi ukiwa hai jiite upendavyo, mama."

Akavaa kofia, akaelekea kwenye gari. Walipofika nusu ya njia akaongeza kwamba gari, hata hivyo, halipakwi rangi upya, na Ishbel akasema hakuna haja, I ni ileile.

Machi na Aprili zikaishia kwenye vyeti. Ishbel alipanda basi kila Alhamisi kwenda mjini, kwenye chumba cha nyaraka, ambako mtunzaji alikuwa mwanamke mmoja mwembamba aliyeitwa Elspet Mair. Elspet alivaa sweta mbili hata ndani ya nyumba na alizungumza kwa kunong'ona hata alipokuwa barabarani. Pamoja walirudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Wengi wa kina Cargarvie walizaliwa Drumlunnet, wakaoa mtaa wa pili, wakafa Drumlunnet. Mmoja alifika Aberdeen, akarudi. Kwa watu wa utafiti ni ukoo mtamu sana, alinong'ona Elspet, maana hawapotei.

Kufikia mwisho wa Aprili vyeti vilitosha. Lakini Elspet alikuwa ameonja asali. Alhamisi ya mwisho alikuja na sanduku, na ndani yake kulikuwa na daftari la mchungaji mmoja wa Kirkton wa miaka karibu mia nne iliyopita, mtu aliyekuwa na mazoea ya kunakili hati za zamani kabla panya hawajazimaliza. Miongoni mwa alizonakili ilikuwa hati ya mfalme ya kumpa Gilbride Cargarvie nembo yake, pamoja na sababu.

Elspet aliisoma polepole, akigeuza Kiskoti cha kale kuwa lugha ya watu walio hai. Ishbel alisikiliza, mikono yake ikiwa juu ya mkoba.

Gilbride, ilisema hati, alikuwa mbeba mikate wa jeshi. Alitangulizwa alfajiri kwenda upande wa pili wa Lunnet na kapu la mikate ya shayiri. Kwa ukungu aliikosa njia ya kivuko, akaingia kwenye tope la upande wa kushoto, akazama mpaka kiunoni. Akakaa hapo. Mchana mfalme akafika na jeshi lake lote, Waingereza wakiwa nyuma yake mwendo wa saa mbili, na ukungu haujaondoka. Askari wakamwona mtu katikati ya mto, wakampigia kelele asogee apishe. Naye akajibu, "Sisogei." Wakamuuliza mara ya pili kwa jina la mfalme. Akajibu kwamba kwa jina la mfalme pia hasogei, kwa maana hawezi, na kwamba wao wakitaka kuwa salama wapite mkono wake wa kuume, kwani wa kushoto ameshaujaribu.

Watu elfu mbili na farasi zao wakapita kulia kwake, mmoja mmoja, wakiifuata sauti yake. Hakupotea hata mmoja. Wa mwisho walimtupia kamba wakamvuta. Waingereza walipofika hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza, wakaingia kushoto.

"Na mfalme," alisoma Elspet, "alipoletewa mtu huyo, aliona amekuwa mweusi wa tope mpaka kidevuni, amesimama kama korongo, akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pasaka. Akauliza kapuni kuna nini. Kulikuwa na mikate mitatu, nayo ilikuwa myeusi vilevile. Mfalme akala mmoja."

Kwa hiyo akampa korongo, akampa mikate mitatu, akampa mkono wenye kamba, na akampa neno lake mwenyewe, ili watu wa nyumba yake walitumie milele.

Ishbel akacheka. Hakuwa amekusudia. Kilikuwa kicheko cha jikoni, cha mtu aliyezoea kusikika juu ya masufuria, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma ramani meza ya pili akanyanyua macho. Kilikuwa cha kwanza tangu Januari. Aliendelea mpaka mabega yakatikisika, kisha Elspet akaona kwamba sasa si kicheko tena, akampa leso kutoka kwenye mkono wa sweta ya ndani.

Alikuwa amemkumbuka Nichol. Wiki ya mwisho, hospitalini, Nichol alisema jambo. Alisema watu wote wanamsifu kwamba alilishikilia shamba, kwamba wengine waliondoka yeye akasimama. "Mimi sikusimama, Ish," alisema. "Mimi nilikwama. Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa na tiketi ya New Zealand. Baba akaanguka, nikasema ngoja kondoo wazae kwanza." Na Ishbel, akiwa na bakuli la supu mkononi, alimwambia asiseme maneno kama hayo, yeye ni Cargarvie, watu wasiosogea. Nichol alimtazama kidogo, akafungua mdomo, akanywa supu.

Miaka arobaini na kitu watoto wa mashamba yote ya bonde lile waliokuwa na shida walikwenda Drumlunnet kwa sababu Nichol yupo, hayupo mahali pengine. Ishbel alijua hilo. Lakini hakuwa amemwambia, alikuwa amempa supu.

Elspet alimpigia nakala mbili.

Mwezi wa tano ofisi ya Edinburgh ikaandika kwamba imeridhika, na kwamba korongo, mikono, kamba na vyote vilivyomo ni vya Ishbel Cargarvie wa Drumlunnet. Walikuwa wameandika mikono kwa wingi. Ishbel akaandika kuwajulisha kwamba mkono ni mmoja, wakaomba radhi. Sasa ilibaki Perth.

Jambo la Perth lilikuwa gumu kwa sababu Ruaridh alikuwa ameshaalika watu. Jumamosi ya pili ya Julai kina Cargarvie wa dunia nzima walikuwa wanakuja Kirkton: kutoka Kanada, kutoka New Zealand, na wawili kutoka Dundee. Alikuwa ametengeneza vikombe vyenye korongo na vitambaa mia mbili vya kukaushia vyombo, na hotuba yake juu ya Gilbride ndiyo iliyokuwa kilele cha siku.

Wattie alimpeleka Ishbel, akabaki garini na gazeti lake. Ruaridh alimkaribisha binamu yake sebuleni akampa chai, kwenye kikombe chenye korongo. Ishbel akamkabidhi nakala ya lile daftari bila maneno mengi, akasema tu kwamba imetoka kwenye nyaraka na kwamba asome ukurasa wa pili.

Ruaridh alisoma amesimama. Alipomaliza akaigeuza karatasi kuona kama upande wa nyuma kuna maelezo mengine. Palikuwa patupu.

"Huyu anaweza kuwa Gilbride mwingine," akasema.

"Mwenye korongo yuleyule na kamba ileile."

"Wachungaji wa zamani walikuwa walevi, Ishbel. Inajulikana."

"Huyu alikuwa ameacha. Ameandika ukurasa wa nne."

Ruaridh akaketi. Kwa muda alikizungusha kikombe chake mezani, mpini ukielekea huku, ukielekea kule. Alipoanza kusema hakumtazama Ishbel, aliuangalia mpini.

Akamuuliza kama anakumbuka walipokuwa wadogo, jinsi alivyokuwa akionyesha vitu kwa kidole. Ishbel alikumbuka. Alidhani ilikuwa ni majivuno. Ruaridh akasema haikuwa majivuno, ilikuwa kigugumizi. Jina lake mwenyewe hakuweza kulisema. Alipoitwa shuleni, mwalimu alikuwa akitoa saa ya mfukoni na kuishika mkononi akingoja, darasa zima likitazama mshale. Kila Jumapili, kabla ya basi la kurudi bweni, baba yake alimpitisha Drumlunnet akamsimamisha mbele ya meko. Alimwambia, huyu ni babu yako, watu elfu walimwambia ondoka na yeye akabaki. Sema neno lake. Na lile neno, Sisogei, ndilo la kwanza maishani mwake lililotoka bila kunaswa. Kutoka hapo akayapata mengine, moja moja, na miaka thelathini na nane aliwaongelesha watu habari za bima bila mtu kujua.

"Sasa unakuja kuniambia," akasema, "kwamba nilikuwa najifunza kwa mbeba mikate aliyezama kwenye tope."

Ishbel hakuwa hodari wa kubembeleza. Kazini kwake, mtoto aliyelia aliongezewa viazi. Alifikiri kwanza.

"Alinasa," akasema. "Mbele ya mfalme, na jeshi zima linamtazama. Wakamuuliza, na yeye akawaambia amenasa. Hakujifanya anavua samaki. Mimi nisingeweza, Ruaridh. Wewe ungeweza?"

Nje, Wattie aligeuza ukurasa wa gazeti. Dirisha lilikuwa wazi, walimsikia.

Baada ya hapo wakaongea mambo ya kawaida, kama watu waliokwisha kuvuka. Ishbel akamweleza uamuzi wa ofisi, na kwamba yeye Ruaridh, akiomba, anaweza kupewa ngao ileile iliyozungushiwa ukingo wa rangi nyingine, iwe yake kihalali.

"Ukingo ni wa mtu wa tawi dogo," akasema Ruaridh.

"Ndiyo."

"Na wewe ukifa?"

"Inakuja kwako yote, bila ukingo. Kazi yako ni kusubiri."

"Una miaka sitini na mbili na hujawahi kuugua."

"Niliwahi. Surua, mwaka wa sabini."

Ruaridh akalipima hilo kama alivyopima hatari za watu wengine kwa miaka thelathini na nane, na uso wake ulionyesha kwamba hesabu haikumpendelea. Ishbel akaaga. Mlangoni akamwambia kwamba hotuba aitoe yeye vilevile, maana yeye Ishbel mbele ya watu hawezi kusema hata kwamba moto umeshika, na aseme anachoona ni sawa. Nakala aliiacha mezani kwa Ruaridh. Garini Wattie aliuliza imekuwaje.

"Amekunywa chai," akasema Ishbel, na Wattie akawasha gari.

Julai wakaja watu sitini na mmoja. Walivaa kilti za kila urefu, wakapigana picha na daraja, na kondoo, na fundi aliyekuja kusoma mita ya umeme. Ishbel alikuwa amepika supu ya kuku na vitunguu na sufuria tatu za viazi, akaona fahari kidogo kwamba kwa mara hii moja idadi imelingana na mikono yake. Wattie alikuwa jikoni pia, mgongo sakafuni, kichwa chini ya sinki, kwa kuwa bomba la ukumbi lilikuwa limeamua kutapika siku hiyohiyo.

Saa tisa Ruaridh akasimama mbele ya ukumbi. Ishbel alikaa safu ya nyuma karibu na mlango wa jikoni. Hakujua ni hotuba gani itakayotoka. Mfuko wa koti la Ruaridh ulikuwa umetuna karatasi, lakini karatasi za hotuba ya zamani na za hotuba mpya zote hutuna namna moja.

"Ndugu zangu," alianza, kwa ile sauti ya bima. "Wengi wetu tumekuja tukijua habari ya Gilbride Cargarvie aliyesimama kivukoni. Gilbride Cargarvie ali—"

"Ali—" akasema tena. Taya yake ikakaza. Ishbel aliona mishipa ya shingo, aliuona mkono wenye pete ukishika ukingo wa meza, na akamwona mtoto aliyekuwa akionyesha mkate kwa kidole. Mwanamke mmoja mbele alianza kujisogeza kwenye kiti kama mtu atakayesaidia. Mwanamume wa New Zealand alitazama viatu vyake. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti kubwa kuliko Ishbel alivyowahi kuisikia, na alijikuta amesimama, bila kujua amesimama afanye nini.

Ruaridh akaacha kusukuma. Akavuta pumzi.

"Nimenasa," akawaambia. "Hunitokea. Ngojeni kidogo." Wakangoja. "Naye alinasa. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Alikuwa na mikate."

Akawaeleza yote. Alinasa tena mara tatu, kwenye "kapu", kwenye "kushoto" na kwenye "tope", na kila mara alisimama, akangoja, akapita. Alipofika pale mfalme alipocheka, ukumbi ukacheka. Alipofika mahali ambapo watu elfu mbili wanaifuata sauti ya mtu mmoja kwenye ukungu, hakuna aliyecheka, na mzee mmoja wa Kanada akavua miwani akaifuta kwa kitambaa cha korongo ambacho alikuwa hajakilipia. Mwisho Ruaridh akasema kwamba mwenye nembo ni binamu yake Ishbel, yule pale nyuma aliyesimama, ambaye pia ndiye aliyepika viazi. Watu wakageuka wakampigia makofi. Ishbel akaingia jikoni.

Yeye Ruaridh baadaye aliomba ngao yake yenye ukingo, akapewa. Alipoulizwa anataka ukingo wa rangi gani alichagua mweusi. Aliwaambia watu ni kwa kumwombolezea Nichol, na Ishbel hakumuuliza zaidi.

Lakini siku ile, jikoni, Ishbel aliwasha birika akasimama mbele yake, apate tu mahali pa kusimama. Mlango ukafunguka akaingia bibi mmoja mfupi sana, mwenye miaka themanini na kitu, aliyekuja kutoka Saskatchewan na kijukuu cha kumshika mkono, ambacho alikiacha nje. Jina lake lilikuwa Euphan. Alitaka kumshika Ishbel mkono, akamshika, hakuuachia.

"Ilikuwa habari nzuri sana," akasema.

"Pole kama umesikitika, bibi. Najua nyote mlikuja kumsikia shujaa."

"Shujaa?" Bibi akashangaa. "Kwetu haikufika hiyo. Babu yangu alituambia Gilbride alikuwa mwizi wa kuku, ndiyo maana akawa amejificha mtoni. Miaka yote nilikuwa nawaficha watoto yule ndege kwenye pete." Akampigapiga Ishbel mkono. "Nimefurahi sana. Mikate ni kitu cha heshima."

Akaomba supu nyingine, akapewa, akatoka nayo.

Kutoka chini ya sinki sauti ya Wattie ikauliza kama Ruaridh ameeleza mpaka ile habari ya mfalme kula mkate mmoja.

"Ameeleza."

"Na miwili iliyobaki alikula nani?"

Ishbel akafikiri. Hati haikusema. Alijaribu kukumbuka mstari kwa mstari, mikate mitatu, mfalme akala mmoja, na baada ya hapo mchungaji alihamia kwenye mambo ya kodi ya kinu.

"Sijui," akasema. "Gilbride mwenyewe, nadhani. Alikuwa hajala tangu asubuhi."

"Ningekuwa mimi ningekula," akasema Wattie, akatoa mkono nje. "Nipe spana hiyo, mama. Ile kubwa."